Poda ya Dredi: Haraka Hii ya Nini?

Najua nimeadimika humu ndani, kazi za chumba cha habari zimenibana, si mnajua tena mambo ya zamu za usiku. Leo nimerudi na jambo ambalo wengine mtaliona dogo. Ni habari ya nywele. Ila vumilieni kidogo, maana mimi hili jambo dogo limenigharimu.

Juzi jioni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kanitumia picha ya kopo. Kopo dogo jeupe, kifuniko cha njano, limeandikwa kwa Kiingereza kwamba unga uliomo ndani unaanzisha dredi na kuzikaza kwa muda mfupi. Chini ya picha kaandika: "Dada, hii vipi? Kariakoo wanauza elfu arobaini. Usaili wangu ni wiki tatu zijazo, nataka dredi ziwe zimeshafunga."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu kopo la namna hiyo ninalo. Liko juu ya kabati la vyombo, limebaki robo tatu, na sina mpango wa kulimaliza.

Ngoja niwasimulie.

Mwaka 2023 niliamua kuachana na dawa. Dada zangu mkisikia dawa mnajua naongelea dawa ipi. Shuleni tulikuwa tunanyoa wote, kwa hiyo nilipomaliza kidato cha nne tu nikaacha nywele ziote na mama akanipeleka saluni. Toka hapo ikawa kila baada ya wiki nane nimekaa kwenye kiti, kichwa kinawaka moto, msusi anauliza "inaunguza?" na mimi nasema "bado kidogo dada, acha ikolee." Nimevumilia vidonda nyuma ya masikio ili nywele zilale. Miaka kumi hiyo! Mwisho nikachoka. Nikakata zote, nikasubiri miezi mitano, zikaota zangu mwenyewe, za kipilipili hasa, zile ambazo ukizivuta zinarudi kama springi ya kalamu.

Nikasema sasa nasokota dredi. Nikaenda saluni moja hapa mjini, jina lake nalihifadhi. Fundi ni kijana mchangamfu, ananiuliza: "Dada, unataka dredi za mwaka ujao au unataka za leo?"

"Za leo zipoje kaka?"

Ndiyo akatoa kopo. Akaeleza kwamba hii ni poda maalumu, inatoka nje, unainyunyizia kwenye mashina, unasugua kwa vidole, unachana kinyume kuelekea kwenye ngozi ya kichwa, halafu unaviringisha kwa viganja mpaka nywele zinakamatana. Hakuna kusubiri. Kopo lenyewe nilinunua hapohapo, Sh 35,000, ili niwe najiongezea nyumbani. Kazi ilichukua saa tatu na nusu, na katika muda wote huo mimi na yeye tulikuwa tunakohoa, yaani ule unga unapaa hewani kama vumbi la kinu cha kusaga. Nilimuuliza mbona havai kitu puani. Akasema amezoea.

Sitawadanganya, nilipojiona kwenye kioo nilifurahi. Dredi zilikuwa zimesimama, ngumu, kila moja na mpaka wake, kama za mtu aliyekaa nazo mwaka mzima. Nilipiga picha ngapi siku ile? Hata mama, ambaye alikuwa ametishia kutonipokea nyumbani nikienda na "manywele ya wavuta bangi", alikiri kwa shingo upande kwamba angalau zimekaa kisafi.

Ilikuwa mwezi wa pili. Mliowahi kukaa Dar es Salaam mwezi wa pili mnajua maana yake. Unatoka kuoga unatoka jasho, unapanda daladala unatoka jasho, umeme ukikatika ofisini ndiyo usiseme. Siku ya nne kichwa kikaanza kuwasha. Siku ya sita poda na jasho vikawa vimefanya uji, uji ukakauka, ukawa unapukutika. Na kwa kuwa nywele zilikuwa kavu kama majani ya kiangazi, mimi kwa akili zangu nikaongeza mafuta ya nazi. Hapo ndipo nikajipikia chapati kichwani.

Wiki ya pili nimetumwa kumhoji mheshimiwa mmoja. Nimevaa blauzi nyeusi. Tunaongea, namuuliza maswali yangu ya bajeti, yeye macho yako mabegani mwangu. Mwisho akashindwa kujizuia: "Binti, umepitia mashineni kusaga?" Wasaidizi wake wakacheka. Mimi pia nikacheka, mnajua kile kicheko cha kutafuta mahali pa kuficha uso. Nilirudi nyumbani moja kwa moja nikaziosha.

Na huko kwenye kuosha ndiko kuna somo. Zaidi ya nusu ya dredi zangu ziliachia. Zilifunguka pale pale kwenye beseni, nywele zikarudi vilevile kama hazijawahi kuguswa. Maana yake nini? Maana yake hazikuwa zimefunga hata siku moja. Zilikuwa zimeshikiliwa na unga. Na zile zilizobaki, mbili za pembeni ya sikio la kulia zilikatika zikabaki mkononi, shina zima. Hapo palibaki pengo la ukubwa wa sarafu, na lilichukua miezi kujaa.

Sasa baada ya kulia nikafanya kile ambacho mwandishi wa habari alipaswa kufanya kabla ya kutoa elfu thelathini na tano yake. Nikaanza kuuliza. Nikasoma. Nikaongea na daktari wa ngozi, nikaongea na wasusi wa zamani. Nilichokipata nakiweka hapa kwa lugha ya kawaida.

Dredi si ajabu. Dredi ni nywele zilizonasana zikashindwa kuachana. Kila binadamu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, hiyo ni kawaida, zinang'oka zenyewe. Ukichana zinatoka na chanuo. Usipochana, zile zilizong'oka hazina pa kwenda, zinabaki zimejizungusha kwenye wenzao walio hai, kesho zinaongezeka nyingine, na nyingine. Huko ndani ndiko msokoto unakojikaza. Kwa hiyo ndani ya dredi nene ya mtu wa miaka mingi kuna nywele nyingi ambazo zilishang'oka zamani, zimebaki humo zikishika zamu. Ndiyo maana inahitaji muda. Nywele hurefuka kama sentimita moja tu kwa mwezi, na za kwetu wakati mwingine hazifikii hapo. Kwa wengi dredi huchukua miezi sita mpaka mwaka kushika barabara, na wengine mwaka na nusu. Hakuna kopo linaloweza kuzing'oa nywele zako za miezi sita ijayo na kuziweka kwenye msokoto leo.

Sasa poda inafanya nini? Poda inaongeza ukwaruzo. Basi. Kuna zilizotengenezwa kwa silika iliyosagwa laini mno, kuna za wanga, na kuna zenye magnesiamu kaboneti, ile chaki nyeupe ambayo wanyanyua vyuma wanajipaka viganjani ili chuma kisiteleze. Umeona jimu? Ndiyo hiyo hiyo. Inafyonza mafuta, inaacha uso mkavu, unywele na unywele vikikutana vinashikana badala ya kuteleza. Ni akili nzuri kabisa, sina ugomvi nayo.

Swali ni hili: nywele zipi zinateleza?

Zinazoteleza ni za singa. Mzungu, Mhindi, Mwarabu, nywele zake zimenyooka au zina mawimbi, na mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa yanashuka kirahisi mpaka ncha. Usipochana nywele hizo zitafungana hatimaye, lakini kwa taabu, kwa vurugu, na kila ukizisokota zinajifungua. Mtu wa namna hiyo anahitaji kitu cha kuzikwaruza. Kwa hiyo poda inatatua tatizo la kweli, na kuna watu wengi Ulaya na Marekani ambao bila kuchana kinyume na bila unga wa kukausha dredi zao zisingefika popote. Hata hapa kwetu kuna ndugu zetu machotara na wengine wa pwani wenye nywele laini. Yupo rafiki yangu wa Tanga, baba yake ana asili ya Yemen, alitumia poda kidogo kwenye mashina, kidogo kweli, mwezi wa kwanza tu, ikamsaidia. Sisemi kitu hakifai.

Lakini kipilipili! Jamani, kipilipili kazaliwa tayari kajikunja. Ukiukata unywele wake ukautazama kwa ndani si duara, umebanwa kama utepe, na unajiviringisha wenyewe kila milimita chache. Huo unywele ukikutana na mwenzake hawaulizani majina, wanashikana. Tatizo letu sisi halijawahi kuwa kuteleza. Mama zetu walitumia nusu ya utoto wetu kuzuia nywele zetu zisifungane, kwa chanuo la mbao, kwa uzi mweusi, kwa machozi. Na tatizo letu la pili ni ukavu, kwa sababu mafuta ya ngozi hayawezi kupanda na kushuka kwenye vile vilima vyote mpaka ncha. Sasa unachukua nywele ambazo tayari zinashikana, tayari zimekauka, unaziwekea dawa ya kuzifanya zishikane na zikauke. Ni sawa na kumpa mtu wa Dodoma mashine ya kufukuza mvua.

Hicho ndicho kilichonitokea. Zile dredi mbili hazikukatwa na mkosi. Nilizikausha mpaka zikawa kama tambi, halafu nikazilalia.

Kuna jambo lingine lililonichekesha nilipokuwa napekua. Baadhi ya zile chupa za kupulizia zinazouzwa pamoja na hizo poda, ukigeuza nyuma ukasoma, kiungo kikuu ni maji na chumvi ya bahari. Maji ya chumvi! Wakati sisi tuna Bahari ya Hindi nzima, nauli ya pantoni tu unavuka Kigamboni unaogelea bure. Vijana wa pwani kule Zanzibar wenye madredi mekundu kwa jua hawakununua chupa yoyote, waliogelea. (Nayo chumvi ikizidi inakausha, msije mkasema dada alitushauri tukalowekane baharini.)

Basi kama ni hivyo, kwa nini kopo linanunulika? Kwa nini mimi, mwenye shahada na simu yenye intaneti, nilitoa pesa bila kuuliza swali moja? Nimelifikiria sana hili na jibu langu halinipendezi. Nilinunua kwa sababu nilikuwa naogopa ile miezi ya katikati.

Aliyefuga dredi anaijua. Wiki za kwanza umesokotwa vizuri, kila mtu anasifia. Halafu mwezi wa pili mpaka wa sita nywele zinaamua kufanya yao. Zinavimba, zinachomoza vinywele pembeni, moja inaangalia kaskazini nyingine kusini. Ndiyo zinafunga hivyo, vurugu yenyewe ndiyo kazi inafanyika. Lakini kwa nje unaonekana umeamka sasa hivi. Na huo ndio wakati ambao kila mtu ana maoni. Konda ana maoni. Mwenye nyumba ana maoni. Shangazi kwenye msiba anakuvuta pembeni: "Mwanangu, kuna tatizo? Tuambie." Mhariri wangu wa wakati ule, ambaye ni mtu mwema tu na sina kinyongo naye, aliniita akaniambia kwa upole kwamba yeye binafsi hana shida na dredi, "ila ziwe zimeshakuwa dredi." Fikirieni hiyo sentensi. Ni kama kumwambia mtu hatuna shida na watu wazima, tatizo letu ni utoto.

Kwa hiyo tumefika mahali dredi zimekubalika mjini, tena sana. Wanamuziki wanazo, wanasheria wanazo, watangazaji wanazo, benki unamkuta dada kazifunga kwa nyuma kistaarabu. Hatua hiyo si ndogo. Kule Kenya ilibidi Mahakama Kuu iamue, mwaka 2019, kwamba mwanafunzi wa imani ya Rastafari asifukuzwe shule kwa sababu ya nywele zake, na Malawi mahakama ikaamua jambo kama hilo mwaka 2023. Lakini kinachokubalika ofisini ni dredi iliyomalizika. Ile inayoanza bado ni uchafu. Kopo linaishi katikati ya mambo hayo mawili. Linamwambia kijana: nitakuvusha, hawatakuona ukiwa njiani.

Na hapo ndipo ninapoona ukoo wake na kopo langu la zamani. Lile la kwanza lilinunuliwa ili nywele za kipilipili zifanane na za singa. Hili la pili limetengenezwa ili nywele za singa zifanane na za kipilipili, halafu likaletwa likauzwa kwa kipilipili mwenyewe! Mimi nimelipa mara zote mbili. Na mara zote mbili nilikuwa nalipa kwa sababu kichwa changu kama kilivyo, kwa mwezi ule, kilihitaji kuombewa radhi mbele za watu. La kwanza tumelizoea kiasi kwamba hata utafiti uliotoka Marekani mwezi wa kumi mwaka 2022, ulioonyesha wanawake wanaotumia sana dawa za kunyoosha nywele wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata saratani ya mfuko wa uzazi, ulipita mjini kama upepo. La pili halina madhara ya ukubwa huo kwa ninavyojua. Lakini tabia ni moja.

Kuna mtu atasema dada unakuza mambo, watu wamepaka vitu kwenye nywele tangu dunia iumbwe. Kweli kabisa. Morani wa Kimasai wanasokota nywele nyembamba ndefu na kuzipaka udongo mwekundu, olkaria, ambao nao ni unga wa madini. Ila tazama wanavyoutumia: unachanganywa na mafuta. Unga kwa mafuta, unalainisha na kulinda. Na nywele zenyewe zinaachwa zirefuke miaka yote ya umorani, mpaka sherehe ya eunoto ambapo mama ndiye anayemnyoa mwanawe. Hakuna mtu kule anayefanya eunoto ya wiki tatu.

Na mara ngapi tumetaja jina la Dedan Kimathi na picha yake na yale madredi bila kujiuliza yalifungwaje? Yalifungwa na msitu. Hakukuwa na chanuo, hakukuwa na kioo, kulikuwa na mvua na kukimbia. Field Marshal Muthoni wa Kirima alitoka na za kwake msituni Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, akakaa nazo mpaka Aprili 2022, akiwa amevuka miaka 90, ndipo akakubali zinyolewe, na aliyemnyoa ni Mama Ngina Kenyatta. Takriban miaka 70 kichwani! Mwaka uliofuata akafariki. Ile picha yake ya siku ya kunyolewa niliibandika juu ya meza yangu kazini wiki zilezile nilizokuwa nahangaika na pengo la sikio. Ilinisaidia kuliko kopo.

Nirudi kwenye mambo ya vitendo, maana najua kuna waliosoma mpaka hapa wakiwa na kopo mkononi.

Kama nywele zako ni za singa au laini kweli na umeamua kutumia poda, tumia kidogo, kwenye mashina tu, kwenye nywele zilizooshwa zikakauka. Usimwage kichwa kizima. Funika pua na mdomo, wewe na fundi wako, kwa sababu unga laini namna ile si wa kuvuta, na fundi anauvuta kila siku tangu asubuhi mpaka jioni. Mimi huyu kijana namkumbuka mpaka leo na kile kikohozi chake. Osha kila wiki au mbili kwa shampuu isiyoacha mabaki, suuza mpaka maji yatoke meupe, acha zikauke kabisa ndipo ulale. Na usichanganye na nta ya nyuki. Nta haitoki kwa maji, inakamata kila unga na kila uzi wa taulo, na mwisho unabeba kichwani kitu ambacho hata wewe hujui ni nini.

Wale mnaofanya kwa poda ya mtoto kwa sababu ni rahisi, geuzeni kopo msome. Kama imeandikwa talki, iacheni. Mwaka 2024 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka talki kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, na Johnson & Johnson wenyewe waliacha kuuza poda ya mtoto yenye talki duniani kote mwaka 2023, baada ya kuiondoa Marekani na Kanada mwaka 2020. Kuna za wanga wa mahindi, hizo ni afadhali, lakini wanga na jasho la Dar ni uji, nimeshawaambia.

Kama wewe ni kipilipili mwenzangu, unachohitaji ni mikono. Baada ya balaa langu nilipelekwa na rafiki kwa kaka mmoja wa Kimasai anayesuka Mwenge, mnawafahamu hawa kaka zetu, wamekaa kwenye viti vya plastiki wanasuka kina dada misokoto midogo kwa kasi ya ajabu. Alinigusa kichwa akanyamaza kwanza. Akauliza: "Nani alikuwekea unga?" Nikamwambia. Akaniosha mara mbili, akaniacha nikauke juani, halafu akasokota kwa vidole na mafuta kidogo ya nazi. Hakuna jeli, hakuna sindano ya kroshia. Nilipomuuliza zitafunga lini alinitazama kama nimemuuliza lini mvua itanyesha. "Dada, si unazo kichwani? Utaona mwenyewe."

Ziliona mwezi wa nane. Katikati hapo nilikuwa kituko, nakiri. Nilifunga kitambaa siku za mahojiano, siku nyingine sikufunga. Mhariri alizoea, au alichoka, sikumuuliza.

Sasa mdogo wangu. Nimemjibu kwamba hiyo elfu arobaini abaki nayo, imtoshe nauli na kupigisha pasi suti. Akanijibu haraka: "Sawa dada, na usaili je? Wataniona mchafu." Hilo swali lilinikosesha usingizi kidogo, kwa sababu sitaki kumpa ushujaa wa bure halafu akose kazi kwa ajili ya makala yangu. Nilimpigia mtu ninayemfahamu, anakaa kwenye kamati za usaili, nikamuuliza kwa ukweli. Akasema, "Vyeti ndiyo tunaanza navyo. Ila kichwa tunakiona kabla ya vyeti." Angalau hakunizunguka.

Kwa hiyo nimempangia hivi. Jumamosi saa tatu asubuhi anakwenda Mwenge kwa yule kaka, nywele ziwe zimeoshwa, zisiwe na mafuta. Atasokotwa misokoto midogo midogo, mipya, mistari imenyooka, hiyo itakaa nadhifu wiki mbili tatu bila unga wowote. Asubuhi ya usaili ataisafisha mistari, atavaa suti ya marehemu babu iliyopunguzwa, atakwenda. Akipata kazi, ile miezi ya vurugu itamkuta ameshaingia, na hapo tutapambana nayo tukiwa ndani.

Kopo nalo nimemwambia apitie hapa kwangu Ijumaa alione. Halina orodha ya viungo mahali popote, nimelizungusha mara mia, kuna picha ya simba tu na namba ya simu isiyopokelewa. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, kwa hiyo Jumatatu nalipeleka kwao nikaulize kama wanalijua. Wakinijibu nitawaandikia humu humu.